Mchele Tulioufukia Chini ya Majani

Bwana shamba alitoa kiazi kitamu mfukoni mwa koti, akakipangusa udongo kwenye suruali, akakisukumia kwa kijiti ndani ya moto uliokuwa unaunguza mibuni ya baba yangu. Hapo ndipo nilipokaa chini. Mpaka dakika ile nilikuwa nimesimama vizuri tu, mikono nyuma, kama mtu aliyealikwa kwenye shughuli ya serikali. Miti mia na arobaini ilikuwa imekatwa na kulazwa, dizeli imemwagwa, moto umeshika, na mimi bado nimesimama. Kilichonikalisha ni kiazi.

Ulikuwa mwezi wa saba. Kule kwetu milimani Mbinga mwezi wa saba ni wa kuchuma, na matunda yalikuwa bado kwenye matawi, mekundu. Yalipasuka ndani ya moto moja moja, pa, pa, kama bisi kwenye chungu. Watu wa mjini hufikiri kahawa ikiungua inanukia. Kahawa mbichi yenye dizeli inanuka kama mbuzi anayebabuliwa manyoya.

"Mbuni una moto mzuri," bwana shamba akasema, akigeuza kiazi chake. "Hauna moshi mwingi."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akamuuliza kwa upole kabisa, "Chumvi nikuletee, bwana shamba?"

"Kama ipo, mama."

Ilikuwepo. Akaingia ndani, akaileta, akamwekea kiganjani.

Sasa nieleze tulifikaje pale. Majina nayaacha, nataja vyeo tu. Mtu wa kwetu akisoma vyeo atajua majina, na mwenyewe akisoma atajijua.

Enzi za chama cha ushirika mambo ya dawa hayakuwa ya kuumiza kichwa. Chama kilileta mrututu, ule wa bluu, na wiki moja kijiji kizima kilipuliza mpaka mlima ukaonekana umepakwa rangi kama madirisha ya zahanati. Kisha likaja soko huria. Chama kikafa bila hata kuwekewa matanga, ghala lake likawa ukumbi wa disko, na wanunuzi binafsi wakaja na magari na mizani na tabasamu. Mbinga mjini yakafunguliwa maduka ya dawa, kila duka na unga wake, na kila muuzaji akawa bingwa wa magonjwa yote. Tuliambiwa sasa tuko huru. Kwa jinsi nilivyoelewa, maana yake ni kwamba kila mtu afe na mibuni yake.

Kahawa yetu ilikuwa na maadui wawili. Wa kwanza ni chulebuni, ugonjwa wa ukungu unaokausha tunda likiwa bado bichi. Unapenda baridi na umande wa milimani kuliko tunavyoupenda sisi tuliozaliwa humo. Wa pili ni kidudu cheusi, kidogo kama punje ya ulezi, kinachotoboa tunda kwenye kitako na kuhamia humo na ukoo wake wote. Chulebuni tuliupulizia dawa ya ukungu. Kidudu tulikilaani tu, maana kikishaingia ndani dawa haikifikii.

Miaka michache baada ya chama kufa akaja mtaalamu wa utafiti. Tulimwita Daktari, ingawa siku mke wangu alipomwonyesha jipu la mguuni alirudi nyuma hatua mbili. Aliletwa na bwana shamba. Alitaka shamba lenye maadui wote wawili, na katika kijiji kizima langu ndilo lililoshinda. Sijawahi kushinda kitu kingine maishani. Nikawa kibarua kwenye shamba langu mwenyewe, nikapewa bomba la kubeba mgongoni na mabuti ya mpira, nikatia sahihi karatasi. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza na mimi nina darasa la nne. Nikamuuliza bwana shamba inasema nini. Akasema ni ya mabuti.

Dawa ya Daktari ilikuwa mchele. Usicheke. Ulikuwa mchele uliochemshwa nusu, umefungwa kwenye mifuko ya nailoni, nao umeota ukungu mweupe mpaka hauonekani. Mke wangu alichungulia akasema kama ubingwa ni kuchachisha wali, yeye angekuwa profesa tangu ameolewa. Tuliuosha kwa maji yenye sabuni kidogo, tukachuja, nikapuliza. Daktari alieleza kwamba ukungu huu haumgusi mbuni, unakula wadudu. Unamwotea mdudu kwenye gamba, unazamia ndani, unamla akiwa hai, halafu unatokeza nje mweupe. Nilipenda sana. Nilikuwa na watu wawili watatu ambao ningependa waotewe hivyo.

Wiki mbili baadaye mvua ikatulia, umande ukashuka, nikaona madoa ya chulebuni kwenye matunda. Nikafanya nilichofanya kila mwaka: nikanunua dawa ya ukungu dukani, ule unga mweupe mpya, nikapuliza shamba zima. Daktari aliporudi na kioo chake cha kukuzia alikuta vidudu vyake vyote vizima na vimenenepa.

"Umepuliza nini?" akaniuliza.

"Dawa ya ukungu."

"Lakini ile niliyokupa ni ukungu."

"Ndiyo maana imekufa, Daktari."

Alikaa kwenye kisiki akashika kichwa. Akaniomba msimu ujao nisipulize. Nikakataa. Nilimwambia kwamba nikiacha chulebuni ujitawale, atapata utafiti na mimi nitapata matawi. Bwana shamba akanikonyeza ninyamaze, lakini Daktari hakukasirika. Alicheka, akasema basi atatafuta ukungu usioogopa dawa yangu. Nilidhani ni maneno ya kuagana.

Msimu uliofuata akaja na kisanduku cha barafu. Ndani mlikuwa na visahani viwili vya plastiki. Akasema vyote viwili vimewekwa dawa ile ile ninayonunua Mbinga. Kwenye kisahani kimoja hapakuwa na kitu. Kwenye cha pili ukungu ulikuwa umestawi mweupe, laini kama manyoya ya kifaranga.

"Huyu amefundishwa," akasema. Alikuwa anauita huyu, kama mtu.

Nikamuuliza amefika darasa la ngapi. Akacheka, halafu akanieleza kwa subira, na hilo silikani, alikuwa na subira. Alisema kuna ukungu wa aina nyingine unaoistahimili dawa ile. Wakachukua kipande kidogo cha urithi wake, kile kinachoubeba ustahimilivu, wakakitia ndani ya huu wetu unaokula wadudu. Nikauliza ni kama kubebesha mchungwa juu ya mlimau. Akasema ni ndani zaidi ya hapo, kwenye uzazi wenyewe. Watoto wake watazaliwa wanajua.

"Na hawezi kusahau?" nikauliza.

"Hasahau," akasema, kwa fahari, kama baba anayesifia mwanawe.

Nikauliza unadhuru nini. Akasema haumdhuru mtu, ng'ombe wala nyuki. Nikaridhika, zaidi ya hivyo vitatu sikuwa na kitu cha kuhofia. Kisha akasema nisilitangaze kwanza jambo lile, kibali kiko njiani. Nami najua barabara zetu. Kitu kikiwa njiani kutoka Songea kuja Mbinga wakati wa masika, kinaweza kulala Kitai wiki nzima. Sikuona ajabu.

Ulifanya kazi. Lazima niseme ukweli hata kama unamfurahisha Daktari. Nilipuliza ukungu wake, kisha nikapuliza dawa yangu ya ukungu juu yake, na haukufa. Vidudu vilikufa mlangoni, nusu ndani nusu nje, kila kimoja na kofia nyeupe kama kimepata komunyo ya kwanza. Matunda yalikuwa mazito, hayana tobo. Jumapili watu wakawa wananisubiri nje ya kanisa waniulize natumia nini. Mimi nilinyamaza kama nilivyoagizwa. Bwana shamba hakunyamaza. Alikwenda mpaka Kigonsera kueleza kwamba ni ushauri wake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, bwana shamba akaja na pikipiki. Hakuizima. Akasema Daktari ameitwa na wakubwa, kuna maneno kuhusu kibali, na ile mifuko ya mchele iliyobaki stoo yangu niiharibu yote.

"Niharibu vipi?"

"Choma."

"Kwa mvua hii?"

"Choma tu, mzee," akasema, akaondoka, ana basi la kuwahi Kitai.

Mifuko ilikuwa kumi na moja. Mwezi wa tatu kwetu hata kuni za kupikia unazibembeleza. Zaidi ya hilo, ni mwezi wa ngoro. Kwa mtu wa tambarare nieleze: sisi Wamatengo tunalima kwenye mteremko ambao mbuzi anaufikiria kwanza. Mwanaume anafyeka majani, anayalaza kwa mistari inayokatana, yanafanya miraba kama dirisha la nyavu. Mwanamke anachimba katikati ya kila mraba, anatupa udongo juu ya majani, anapanda maharage kwenye matuta. Shimo linabaki katikati linameza maji ya mvua. Majani yanaoza chini ya udongo, na hicho ndicho chakula cha shamba. Mtu akichoma majani mlimani kwetu atasemwa mpaka kwenye harusi za wajukuu. Kila kilichooza kinakwenda chini ya majani: maganda ya kahawa, mabua, hata kuku akifa vibaya.

Mke wangu aliitazama ile mifuko. "Kuchoma mchele," akasema. "Mchele tunaoula Krismasi."

Nikamkumbusha si mchele tena, ni ukungu.

"Ndiyo umeoza. Kilichooza si kinajulikana kinakokwenda?"

Tukaumwaga kwenye mistari ya majani, mlima mzima, yeye akafukia, akapanda maharage juu. Hapa ndipo penye kosa langu nami nalisema bila kusukumwa. Nilisikia neno choma. Nilisikia pia, mwaka mmoja nyuma, neno hasahau. Sikuyakutanisha. Niliona tumeuzika, na kitu tulichokizika nilikihesabu kimekufa.

Sasa aingie Sista. Masista wa misheni walikuwa na mradi wa hariri. Miaka ile kila mtu alikuwa na mradi. Walifuga viwavi kwenye trei, viwavi wanaokula majani ya mforosadi tu, hawajui kingine. Sista msimamizi aligawa vipandikizi vya miforosadi kwa akina mama wa parokia, wapande pembeni mwa mashamba na kuleta majani. Mke wangu alikuwa ameipanda tangu mwaka uliotangulia kando ya matuta ya ngoro, ndipo penye udongo laini. Ikastawi. Kila mvua iliponyesha, udongo wa matuta ukarukia majani. Na kila asubuhi mke wangu aliyachuma, akayapeleka kwenye trei za Sista.

Mwezi wa tano viwavi wakaanza kufa. Mke wangu alirudi siku moja na kikapu kitupu na uso umebadilika. Alisema Sista alimwita ndani, baada ya Tumsifu Yesu Kristo na Milele amina, akamwekea viwavi watatu mkononi.

"Mama, pasua huyu."

Hakupasuka. Alivunjika, kama chaki.

Sista hakuwa mjinga. Alijua ukungu unaoua viwavi upo, upo popote wanapofugwa. Alimwita bwana shamba, bwana shamba akamwambia atumie dawa ya ukungu, ule unga mweupe wa dukani. Sista akaondoa wagonjwa, akasugua trei na kuta kwa dawa ile, akaanza na viwavi wapya. Wakafa. Akasugua tena. Wakafa weupe zaidi, juu ya dawa. Hapo Sista akajua huu si ukungu wa kawaida, maana ule wa kawaida dawa ile inaufyeka. Akaandika barua kwa watu anaowajua yeye, na mwezi wa sita gari likaja likachukua viwavi kwenye chupa.

Mke wangu alinitazama akila ugali. Akamaliza, akanawa mikono. "Yule mwanafunzi wa Daktari," akasema, "dawa hiyo si ndiyo aliyofundishwa?"

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda misheni kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita, nikamwambia Sista kila kitu: mchele, visahani, mifuko kumi na moja, majani. Alinisikiliza akiwa ameshika rozari bila kuisali. Mwisho akaniuliza kama niko tayari kusema hivyo mbele ya wakubwa. Nikasema ndiyo. Nilidhani anayesema ukweli kwanza anapata afueni. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu na bado nilidhani hivyo.

Wakubwa walikuja na magari mawili, tukakaa ofisi ya kijiji. Daktari alikuwa nao, amevaa tai. Shikamoo na marahaba zilipokwisha, akasimama. Aliongea kwa muda, na nikiondoa maneno ya kitaalamu kilichobaki ni hiki: jaribio lilikuwa dogo, lilidhibitiwa, na mkulima alipewa maelekezo ya maandishi ya kuteketeza, akayakubali kwa sahihi yake, kisha akayapuuza. Akainua karatasi yangu ya mabuti.

Nikaomba Sista anisomee. Akaichukua, akaisoma yote kimya, akaigeuza nyuma akatazama na huko.

"Humu hamna neno buti," akasema.

Ilikuwa inasema nakubali kuteketeza mabaki yote, na kwamba ikibidi shamba la jaribio nalo litateketezwa. Nikamtazama bwana shamba. Bwana shamba alikuwa anatazama picha ya Rais ukutani kana kwamba anaiona mara ya kwanza.

Nikasimama, nikawaambia jambo moja, na nililisema kwa adabu. Ukungu hauko kwenye mibuni. Uko chini, kwenye matuta ya ngoro, kwenye udongo. Kama mnataka kuumaliza, chimbeni mlima. Mimi na mke wangu tutatangulia na majembe.

Mmoja wa wakubwa akamgeukia Daktari. "Ni kweli anachosema?"

Daktari akajibu kwamba suala la udongo litahitaji utafiti zaidi. Nilimtazama machoni. Alijua. Mtu aliyeona fahari kuniambia hasahau alijua vizuri kuliko wote mle ndani ukungu wake uko wapi. Lakini kuchimba mteremko ule ni kazi ya mwezi mzima, mkubwa hawezi kupiga picha ya shimo, na walitaka kufika Songea kabla ya giza. Mibuni ilikuwa imesimama, inaonekana toka barabarani. Wakaamua kuchoma kinachoonekana. Usimamizi akapewa bwana shamba.

Kwa hiyo mwezi wa saba akaja na vijana wa mapanga na dizeli, na kiazi mfukoni.

Mwaka uliofuata tulipanda maharage juu ya matuta yale yale. Wadudu wa maharage walikufa weupe kwenye majani, na kofia zao. Nilichuma jani moja nikampelekea bwana shamba ofisini. Akaniambia ni umande.

Baada ya hapo sikuweza tena kuamka na kuutazama ule uwazi. Mibuni mipya ingehitaji miaka, na hakuna aliyeniambia nikiipanda kama wataichoma tena. Tukashuka Mbamba Bay kwa ndugu wa mke wangu. Sasa naanika usipa, vidagaa vya ziwani, kwenye vichanja, mimi niliyezaliwa mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni ya kwenye ndoo. Wanyasa, wenyeji wa huku ziwani, wananitania kwamba Mmatengo akipanda mtumbwi anatafuta pa kushika jembe. Ni kweli, nashika kila kitu. Mke wangu anacheka nao; amekwisha kujua kuogelea, mimi nimebaki kujua kukohoa, zawadi ya miaka ya kupuliza dawa bila kufunika pua.

Sista alimwomba mke wangu radhi, faragha, jikoni kwa masista. Tunamheshimu. Lakini aliyeisoma ile karatasi alikuwa yeye, na kanisani ana sauti, na hakulisema kanisani.

Nilimuuliza mke wangu mara nyingi kwa nini alimpelekea yule mtu chumvi. Juzi tukigeuza usipa akanijibu: "Ili asije akasema tulimtukana. Siku ya kuulizwa asipate pa kujifichia."

Basi siku ni hii. Daktari, sikuulizi kuhusu viwavi wala kibali. Panda mlima, simama kwenye ngoro zangu mbele ya wale wale uliowaambia nilipuuza, useme: siku ile ofisini ulijua au hukujua kwamba ukungu uko chini na si kwenye miti? Neno moja linatosha. Na wewe bwana shamba, umestaafu sasa, naambiwa una nyumba ya bati na kahawa yako mwenyewe inazaa. Uliniambia karatasi ni ya mabuti. Uje useme ulikuwa hujui kuisoma, au ulikuwa unajua. Mibuni ya baba yangu uliikalia ukingoja kiazi kiive, na chumvi tulikupa. Njoo ujibu.